Nafasi Hii Lazima Ijazwe

Melkior Lyamba wa Kawajense, mtaa wa Mpanda, alikuwa kijana asiyeweza kukubali jambo bila kuliwekea sharti. Ukimkaribisha chai, alikuambia atakunywa endapo sukari haijatiwa. Ukimwomba baiskeli alikupa, ila usipakie mkaa. Na kama huna budi kupakia mkaa, basi uifute. Na ukiifuta, usitumie kitambaa kilichopanguza mafuta ya taa. Mama yake, Mkonongo asiyependa maneno mengi, alikuwa akisema mtoto huyu hata kuzaliwa alizaliwa baada ya kuuliza maswali.

Baba yake alikuwa mrina asali wa Ugalla, mtu wa kupotelea porini majuma kwa majuma msimu wa kurina, na alitumaini mwanawe wa kwanza angeirithi mizinga. Lakini Melkior na nyuki hawakupikika chungu kimoja. Nyuki mmoja tu akimdunga, uso uliumuka kama andazi mpaka macho yakazama, ikabidi aongozwe kwa mkono kama kikongwe. Baba akavumilia, akajaribu dawa za majani, akajaribu moshi, mwisho akasalimu amri. Huyu apelekwe shule, akasema, huko hakuna nyuki.

Ndivyo Melkior alivyosoma, akafika mpaka Dar es Salaam, akajifunza mambo ya kompyuta, na baada ya mvua zile kubwa zilizosomba reli akarudi na treni ya Tabora akiwa na cheti, kitabu kinene cha Kiingereza, na tabia mpya ya kufunga vifungo vya shati hadi kooni.

Kazi aliyoipata, Mungu naye ana utani wake, ilikuwa ya asali. Kulikuwa na shirika la warina wa bonde la Ugalla lenye ofisi karibu na stesheni ya Mpanda, ghala la bati uani, jenereta iliyonguruma kuanzia saa tatu asubuhi, na wafadhili wa Ulaya ambao asali yenyewe hawakuwahi kuilamba ila waliipenda sana kwenye makaratasi. Wafadhili hao walileta kompyuta tatu. Melkior aliziunganisha kwa waya, akakaa miezi kadhaa akiandika programu, na mwaka tisini na tisa ulipoingia shirika likawa na kurasa zake. Zilifunguka kwenye kioo kama zile za intaneti ambazo watu wa Mpanda wakati ule walizisikia redioni tu, isipokuwa hizi hazikuvuka kuta za ofisi. Zilikaa ndani ya kompyuta kubwa chini ya meza ya Melkior, na zile nyingine mbili zilizisoma kupitia waya.

Kila mfanyakazi aliingia kwa jina lake na neno lake la siri. Wenzake walilifupisha, wakaliita siri tu, na tangu hapo ofisi ikajaa mazungumzo ambayo mgeni akiyasikia angeomba radhi na kutoka nje. "Siri yangu imekataa." "Siri yako ni ipi?" "Nikikwambia itakuwa siri?"

Kati ya kurasa zote, ule aliojivunia zaidi Melkior uliitwa Taarifa Zangu. Hapo mtu aliandika jina lake, mahali anapoishi, na ndugu wa karibu wa kuitwa endapo atapatwa na jambo. Chini kabisa palikuwa na nafasi tatu: siri ya zamani, siri mpya, na siri mpya kwa mara ya pili. Yeyote aliyefungua ukurasa huo kurekebisha chochote, hata herufi moja ya jina la kijiji, alitakiwa ajaze na zile nafasi tatu, na siri mpya isiwe imewahi kutumika. Akiacha wazi, ukurasa ulikataa kuhifadhi, na maandishi mekundu yakatokea: NAFASI HII LAZIMA IJAZWE. Melkior aliyaandika kwa herufi kubwa ili wazee wasome bila miwani. Wazee wakaona wanafokewa.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Mama Esteria, mpokeaji wa asali, mwanamke wa makamo aliyeimba sauti ya pili kanisani na kwa hiyo hakuona haja ya kupaza sauti mahali pengine.

"Shikamoo, mama," Melkior akasema alipoitwa.

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uione kompyuta yako inavyonigombeza."

Melkior akainama kwenye kioo. "Umeacha nafasi za siri wazi, mama."

"Nimeziacha kwa sababu sizihitaji. Nataka kumtoa wifi yangu kwenye ndugu wa karibu, nimweke dada yangu. Siri yangu haina kosa, wala sina ugomvi nayo."

"Utaratibu ni kwamba ukibadilisha chochote, na siri nayo unabadilisha. Ni kwa usalama."

"Kwa hiyo kila nikigombana na mtu, nitafute siri nyingine."

Melkior akalifikiria swali lile kwa uaminifu kabisa. "Ndiyo, endapo mtu huyo yuko kwenye ukurasa."

"Basi nitazitafuta nyingi," Mama Esteria akasema, "maana ukoo wa mume wangu ni mkubwa."

Wa pili alikuwa Manyanda. Huyu alikuwa Msukuma, kazi yake kwenda kwa wafugaji kuwasihi wasilishe ng'ombe kwenye mapori yenye mizinga, kazi aliyoiweza kwa sababu ukoo wake mwenyewe ulikuwa na ng'ombe na haukukaa mahali pamoja. Walitoka kaskazini wakafikia Kibaoni. Kutoka Kibaoni wakasogea wakifuata majani, kisha wakasogea tena. Manyanda, mtu mkweli, kila walipohama alikwenda kwenye Taarifa Zangu akabadilisha mahali anapoishi, na kila mara alidaiwa siri mpya. Alianza kutumia majina ya ng'ombe wa baba yake. Asubuhi moja akaja kusimama mbele ya meza ya Melkior, kofia mkononi.

"Fundi," akasema, "ng'ombe wameisha."

Melkior akainuka. "Pole sana, ndugu yangu. Ni ugonjwa?"

"Wazima wote. Wameisha kuwa siri."

Kwenye meza ya pili kutoka hapo, Libérate aliinamisha kichwa nyuma ya taipureta. Huyu ndiye aliyeshika barua na malipo ya ofisi, binti mrefu mwenye tabia ya kucheka kwa mabega tu, sauti haitoki. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, naye alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Melkior aliyafahamu mabega yale vizuri kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Tumia majina ya mbuzi," akamwambia Manyanda, akijitahidi kutoangalia upande ule.

"Mbuzi hatuwapi majina," Manyanda akajibu, kwa uzito wa mtu aliyeombwa avunje mwiko.

"Basi tunga tu kitu. Mtu makini hakosi siri, wala haisahau."

Maneno hayo ya mwisho hakuyahitaji. Aliyasema kwa sababu Libérate anasikia, na kwa kuwa aliyasikia, Melkior hakuweza tena kuyarudisha. Tangu siku hiyo kila aliyelalamika alijibiwa vilevile, kwamba mtu makini haisahau siri yake, hata pale ambapo kifuani Melkior alianza kuona ukurasa wake una kasoro. Mwanamume akishatamka jambo mbele ya binti anayempenda, huwa anakaa nalo kama aliyekalia siafu.

Msimu wa kurina ukafika. Melkior akatumwa Kibaoni na gari la shirika kwenda kuangalia chumba ambacho huenda kingekuwa ofisi ndogo. Aliondoka alfajiri. Asubuhi hiyohiyo Mama Esteria, aliyekuwa amepatana na wifi yake Jumapili baada ya misa, alifungua Taarifa Zangu amrudishe kwenye nafasi yake. Ukurasa ukadai siri mpya. Akatunga moja nzuri ya kutoka kwenye zaburi, akaiandika, akairudia, ikakubaliwa. Akaenda kunywa uji. Aliporudi, zaburi aliikumbuka yote isipokuwa mstari alioutumia.

Akajaribu mmoja, akajaribu mwingine, akaimba kabisa kuanzia mwanzo huku kidole kikingoja juu ya kibodi. Hakuna. Na bila yeye kuingia, asali haikupokelewa, maana uzito uliandikwa humo kwenye kompyuta na stakabadhi ilitoka humohumo. Mtu pekee aliyeweza kumfungulia alikuwa njiani kwenda Kibaoni, na Kibaoni wakati ule hakukuwa na simu ya kumpata.

Warina nao walikuwa wanafika. Walishuka kwenye treni na madebe, walikuja na baiskeli zenye ndoo mbili mbili, na kila aliyefika aliambiwa angoje kidogo. Uani pakajaa. Madebe mengine vifuniko vilikuwa majani tu. Kesho yake, jua lilipowaka, wenye asali yao walifika.

Nyuki walianza mmoja mmoja, kama wajumbe wanaokuja kuangalia kiwanja cha mkutano. Kufikia adhuhuri walikuwa wingu. Warina, watu waliokua na nyuki, walikaa kimya kivulini upande wa reli wakitazama, na mmoja wao akasema kwa utulivu kwamba asali hii sasa inapokelewa na wenyewe. Mzee Alois, katibu wa shirika, Mfipa aliyewahi kuwa mwalimu na aliyeamini kila kitu kinaweza kuamriwa, alitoka na rula mkononi kwenda kutoa maelekezo. Alirudi ndani akikimbia kwa namna ambayo wafanyakazi wake hawakuwahi kuiona, wakakubaliana bila kusemezana kwamba hawakuiona hata siku ile.

Gari kutoka Kibaoni likaingia katikati ya hayo. Dereva aliona, akapandisha kioo. Melkior hakuona, alikuwa anaandika kitu pajani. Akafungua mlango, akakanyaga chini, akauliza kwa nini watu hawako kazini.

Walimvuta ndani wakiwa wamemfunika gunia. Mwiba wa kwanza ulikuwa shavuni, wa pili juu ya jicho, mingine hakuihesabu mtu. Libérate alimkamulia ndimu, akamtolea miiba kwa kucha, na kwa jinsi uso ule ulivyokuwa ukiumuka mbele yake alilazimika kugeuka dirishani mara kwa mara, mabega yakitikisika.

"Unacheka," Melkior akasema. Midomo nayo ilikuwa imevimba, sauti ikatoka kama ya mtu anayeongea na ugali kinywani.

"Sicheki. Pole, kaka Melkior. Kaa kitako."

Mzee Alois aliingia, sikio lake moja limekuwa kubwa kuliko jingine. "Kijana," akasema, "mfungulie huyu mama. Halafu huo ukurasa wako unaodai siri mpya kila saa, uutoe, uuchome moto, ufanye unavyojua. Leo."

Basi siku ile ile, kwa jicho moja lililobaki kama tundu la kifungo, Melkior alikaa kwenye kompyuta yake na kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: aliondoa masharti. Aliyaondoa yote. Alitafuta kila mstari uliosema nafasi fulani lazima ijazwe, akaufuta. Nafasi tatu za siri zikabaki pale chini kama meza za soko siku isiyo ya mnada; ukitaka weka, hutaki acha. Mama Esteria akafunguliwa, asali ikapimwa huku kukifukizwa moshi, nyuki wakaondoka jioni na sehemu yao. Melkior akaongozwa kwa mkono hadi Kawajense, ambako mama yake alimtazama, akasema, "Nyuki wa mjini nao," akaenda kuchemsha maji.

Kwa siku chache kila mtu alifurahi. Manyanda alibadilisha mahali anapoishi bila kutoa ng'ombe hata mmoja. Mama Esteria aliweka ndugu na kutoa ndugu kadiri hali ya hewa ya ukoo ilivyokwenda. Uvimbe ukashuka, Melkior akarudi kazini na sura yake ya zamani, na akaanza hata kufikiri kwamba labda dunia inaweza kwenda bila kuulizwa maswali.

Halafu Libérate akatoka kidogo kwenda kumpokelea Mzee Alois simu. Aliacha kompyuta wazi, ukurasa wake uko palepale. Manyanda alikuwa anapita na kikombe cha chai. Alikuwa mtu wa utani, na utani wa Manyanda haukuwa na ubaya wala haukuwa na kipimo. Akaketi, akafungua Taarifa za Libérate, kwenye nafasi ya siri mpya akaandika jina la fahali wa baba yake, akabonyeza hifadhi. Ukurasa haukumuuliza siri ya zamani. Haukumuuliza arudie. Ulihifadhi kwa heshima zote. Manyanda akaifunga kompyuta, akaondoka na chai yake, akisubiri kicheko.

Kicheko hakikuja. Ilikuwa siku ya kutayarisha malipo ya warina, na Libérate aliporudi hakuweza kuingia. Akajaribu tena polepole, herufi moja moja. Kisha Manyanda, akidhani anasaidia, akamwambia jina la fahali; lakini alipoliandika alikuwa na kikombe mkono wa pili na hakuangalia kibodi, na sasa si yeye wala fahali aliyejua ni herufi gani ziliingia mle.

Libérate hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya meza ya Melkior, akaketi.

"Manyanda ameniomba radhi," akasema. "Nimemsamehe, maana Manyanda ni Manyanda. Sasa nimekuja kwako."

"Mimi sikukubadilishia siri."

"Hukubadilisha. Umemfungulia mlango aliyebadilisha."

"Nyie ndio mliosema nauliza mno," Melkior akasema, na sauti ilikuwa na kijeraha. "Mzee Alois mwenyewe alisema nitoe. Nikiuliza mnalia, nisipouliza mnalia. Nifanye nini?"

Libérate alipojibu, hakusema kwa ukali.

"Mimi nikitoka Katumba kuja huku, pale kwenye kizuizi cha barabara naonyesha kibali. Yule askari ananijua. Ananijua tangu nasoma shule ya msingi, amekula maharage kwetu. Bado anasema kibali. Sichukii, ni kazi yake. Lakini nikiwa ndani, naenda kisimani, naenda kanisani, kwa jirani kuomba chumvi, hakuna anayenisimamisha. Wangenisimamisha kila nikichota maji, ningekichana kile kibali. Na wasingenisimamisha kabisa pale getini, kingekuwa karatasi tu."

Melkior alikuwa ameanza kufungua kitabu chake kinene, akakifunga. Alitazama kioo, akamtazama Libérate, akatazama tena kioo. Alikuwa anajua jinsi ya kuliandika jambo lile. Kitabu kilikuwa na sura nzima juu yake, na aliisoma Dar es Salaam na kuifaulu. Ila alipokuwa akijenga ukurasa hakuwahi kumwona mtu mbele yake anayekwenda kuchota maji. Aliona wezi tu.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "anayebadilisha kijiji simuulizi kitu."

"Anachota maji."

"Anayegusa siri mpya, namuuliza ya zamani, na ya kurudia."

"Huyo yuko getini."

"Nitakuandikia leo."

"Usiniandikie mimi. Andika, halafu mimi nitaiharibu."

Akarudisha kiti kwake. Melkior akamfungulia, kisha akaandika mchana kutwa, akasahau kula, na jioni ile ile, jenereta ikiwa bado na mafuta, wakaketi pamoja mbele ya kompyuta moja. Sharti jipya lilikuwa fupi. Nafasi ya siri mpya ikiwa tupu, ukurasa usiulize lolote, uhifadhi vilivyobaki. Ikiwa na kitu, hata herufi moja, basi zile mbili nyingine zinakuwa za lazima: ya zamani iwe ya kweli, ya kurudia ifanane.

Libérate akaanza na upole. Akabadilisha jina la ndugu, nafasi tatu zikiwa tupu. Ukurasa ukapokea bila neno. Akaandika siri mpya peke yake. Ukurasa ukamdai ya zamani. Akatoa ya zamani ya uongo, ikakataliwa. Akatoa ya kweli akakosea kurudia, akaambiwa hazifanani. Melkior alikuwa amekaa mikono kifuani, tabasamu limeanza kujitokeza pembeni.

Kisha Libérate akaacha siri mpya tupu, akaandika kwenye ile ya kurudia tu, akabonyeza.

Imehifadhiwa, ukurasa ukasema.

"Nimebadilisha siri?" akauliza.

"Hapana. Umeandika nafasi isiyo yake, kwa hiyo imepuuzwa."

"Lakini umeniambia imehifadhiwa. Mama Esteria ataondoka akijua ana siri mpya. Kesho ataimba tena zaburi."

Tabasamu likarudi lilikotoka. Melkior akageuza sharti: kitu chochote kikiandikwa katika nafasi yoyote kati ya zile tatu, basi zote tatu zinadaiwa. Walipojaribu tena, likashika. Libérate akafikiri, akaandika siri yake ya zamani, kisha akabonyeza kile kitufe kirefu cha chini kinachoacha nafasi baina ya maneno, mara kadhaa, kwenye siri mpya, na mara hizohizo kwenye ya kurudia. Kwenye kioo hapakuwa na herufi. Ukurasa ukapokea.

"Na sasa siri yangu ni nini?" akauliza.

Melkior akashika kichwa. "Hewa," akasema.

Hapo Libérate alicheka kwa sauti. Melkior hakuwahi kuisikia kabla ya hapo. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na ilimfanya akosee mstari unaofuata, akaufuta, akaukosea tena. Walimaliza jua likizama upande wa reli. Hewa nayo ikawekewa kizuizi, hata yale maandishi mekundu yakabadilishwa. Libérate ndiye aliyetaka yaandikwe kwa herufi ndogo na yaseme, Tafadhali andika pia siri yako ya zamani. Melkior alitaka kuongeza "endapo unayo," akakatazwa.

Wiki iliyofuata Mzee Alois aliitwa kuona kazi. Sikio lilikuwa limerudi kwenye kipimo chake. Akakaa mbele ya kioo, akavaa miwani, akabadilisha mtaa anaoishi, akabonyeza. Ikahifadhi. Akasubiri. Hakuna kilichotokea.

"Sasa iko wapi?" akauliza.

"Nini, Mzee?"

"Kazi. Nimeambiwa umefanya kazi siku nzima. Mimi naona ukurasa uleule, tena umepungua maneno."

"Haionekani, Mzee, mpaka mtu akosee."

Mzee Alois, aliyefundisha hesabu zaidi ya nusu ya umri wake, akaligeuza jibu hilo kichwani akalikuta halina kasoro. Akaomba akosee. Wakampisha. Akakosea siri ya zamani, akaombwa kwa upole aiandike upya. Akakosea kurudia, akaelezwa. Akaacha wazi, akakumbushwa. Aliendelea kukosea hadi wakati wa chai, kila kosa kwa namna yake, na alipoinuka uso ulikuwa umekunjuka. Akasema vijana wa siku hizi wana adabu, akimaanisha ukurasa.

Manyanda alikuwa na ombi moja tu, kwamba fahali aondolewe kwenye kumbukumbu zote za kompyuta, maana baba yake amepata habari na hakupendezwa.

Mwezi uliofuata Libérate alimwambia Melkior kwamba mama yake anataka kumwona mtu anayemfanya achelewe kurudi nyumbani. Wakaenda Katumba Jumapili kwa baiskeli, Melkior akiwa na shati la vifungo hadi kooni na kilo ya sukari. Kizuizini askari aliangalia kibali cha Libérate, akamwangalia Melkior, akauliza huyu naye. "Mgeni wa mama," Libérate akasema, wakapita.

Mama yake, Séverine, alikuwa mjane mfupi mwenye mikono ya jembe. Kiswahili alikifahamu vizuri ila alikitumia pale tu alipopenda. Aliweka ugali wa muhogo na maharage, akawanawisha, akamwuliza mgeni anafanya kazi gani hasa.

Melkior akaeleza. Alianza na waya, akaingia kwenye kurasa, akafika kwenye nafasi tatu na jinsi zinavyodaiwa au zisivyodaiwa, na alipokuwa anakaribia ile habari ya hewa, Libérate akamkata kwa maneno matatu manne ya Kirundi. Séverine akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Umemwambia nini?" Melkior akauliza.

"Kwamba kazi yako ni kuuliza watu maswali."

"Hayo tu?"

"Na kwamba siku hizi umepunguza."

Séverine akamsogezea bakuli la maharage. "Basi lile swali lililomleta aliulize," akasema, safari hii kwa Kiswahili safi kabisa. "Chakula kinapoa."

Melkior akakohoa. Tonge lilikuwa limefika pabaya, na Libérate akampigapiga mgongoni huku akitazama pembeni. Aliposhusha pumzi aliuliza, kwa sauti ndogo, akimtazama mama na si binti. Séverine alisema ale kwanza, na kwamba mambo kama hayo yanangoja mjomba atoke Mishamo, na mjomba ana miguu mibovu na hapendi kuharakishwa.

Mjomba alichukua muda wake. Alikuja baada ya mavuno ya mahindi, akakaa siku mbili bila kuligusa jambo lenyewe, akiuliza habari za asali. Siku ya tatu akaikubali posa.